Kila Kifaa Kilipe Nauli: Namna ya Kuchagua Mazingaombwe ya Kubeba Safarini

Mwanamazingaombwe wa ukumbini huchagua vifaa vyake kwa kulitazama jukwaa, lakini anayesafiri hana budi kuitazama njia kwanza. Atapanda basi ambalo begi lake litalaliwa na gunia la viazi, atafikia nyumba ya wageni isiyo na meza, atafunguliwa mzigo mpakani, na atakapoanza mchezo wake, iwe ndani ya behewa la TAZARA au uani kwa wenyeji wake, watu watamzunguka pande zote, wazee wakiwa wamekaa mbele na watoto wakichungulia kutoka mgongoni mwake. Kifaa kinachopendeza kwenye video huweza kushindwa na hali hizo ndani ya siku moja. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kubeba michezo michache inayoenea kwenye begi dogo la begani, na kuifanya kwa uhakika popote atakapofika.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila kifaa kilipe nauli yake. Kifaa hulipa nauli kikiweza kufanya zaidi ya mchezo mmoja, kikiweza kupita mikononi mwa mtazamaji bila kuniumbua, na kikifanana na kitu ambacho abiria yeyote angeweza kuwa nacho. Sharti hili la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko mengine. Sarafu, kamba na leso humfanya mtazamaji astaajabie kilichotokea, ilhali kisanduku chekundu chenye mchoro wa joka la dhahabu humfanya akishuku kisanduku chenyewe, na mara tu mchezo unapoisha jambo la kwanza atakalotaka ni kukishika na kukifungua.

Waliolijua jambo hili vizuri ni wanamazingaombwe wa Misri walioitwa gali-gali. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, Port Said ikawa kituo cha meli zilizopita kati ya Ulaya na Bahari ya Hindi, zikiwamo zile zilizotoka Mombasa na Zanzibar, na mafundi hao walipanda melini kuwatumbuiza abiria. Walikuja na vikombe vyao, vipira vidogo na vifaranga wa kuku, wakaketi sitaha watu wakiwa wamewazunguka, na vifaranga wakatokea chini ya vikombe na ndani ya mavazi ya abiria. Sishauri mtu abebe vifaranga, kwa sababu mnyama huteseka safarini na taratibu za mpakani kuhusu wanyama ni ngumu. Ninachokichukua kwao ni ule udogo wa mzigo na ukubwa wa mazoezi.

Kabla ya kununua chochote, jiulize mchezo huo unahitaji watazamaji wakae wapi. Maelezo ya duka mara nyingi hunyamaza kuhusu jambo hili, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Michezo mingi ya jukwaani hudai kwamba pasiwepo mtu nyuma yako wala ubavuni, sharti ambalo huwezi kulipata kwenye kibaraza, kwenye kivuko wala kwenye stendi ya mabasi. Kwa hiyo ufanye mchezo huo nyumbani ukiwa umesimama katikati ya ndugu zako wanne au watano, mmoja wao akiwa nyuma kabisa, nao waruhusiwe kusogea watakavyo. Ukinaswa na aliye nyuma, mchezo huo usiupakie.

Angalia pia muda wa kukiandaa kifaa upya. Safarini huonyeshi mara moja ukamaliza. Ukimfurahisha mtoto mmoja, baada ya dakika mbili atarudi na wenzake sita. Mchezo unaokulazimu kujifungia chooni ili kupanga vitu vyako upya utakuaibisha mbele ya hadhira hiyo ya pili. Wa kuupendelea ni ule ambao mwisho wake unaviacha vifaa katika hali ile ile vilivyokuwa mwanzoni, au unaoweza kurudishwa tayari ndani ya mfuko wa suruali wakati unaendelea kuzungumza.

Nikija kwenye vifaa vyenyewe, nitaanza na karata, kwa sababu hakuna kitu chenye uzito wa chini ya gramu 100 kinachobeba michezo mingi kuliko pakiti moja ya karata 52. Hata hivyo karata hudhuriwa na hali ya hewa kuliko wasafiri wengi wanavyodhani. Karata za karatasi zilizopakwa plastiki juu, kama zile za chapa ya Bicycle ambazo zimetengenezwa Marekani tangu mwaka 1885, huteleza vizuri na kufunguka kama upepeo mkononi zikiwa mpya. Ukikaa nazo siku chache Tanga au Lamu wakati wa masika, hunywa unyevu, huvimba, hupinda na kuanza kushikana mbili mbili. Karata za plastiki tupu hustahimili jasho na hata kumwagikiwa chai, na ukizipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo zinarudi katika hali yake, ingawa huwa nzito kukunjika na zile za bei rahisi huteleza mno mpaka pakiti nzima humwagika.

Ushauri wangu ni kwamba anayekwenda pwani, visiwani au maeneo ya maziwa abebe pakiti moja ya plastiki iliyo bora kwa maonyesho ya kila siku, na pakiti moja ya karatasi ambayo haijafunguliwa kwa siku atakapoalikwa ndani ya nyumba. Anayekwenda nyanda za juu wakati wa kipupwe atakutana na tatizo la kinyume, kwani ngozi ya vidole hukauka na karata hukosa mshiko. Mafuta kidogo sana ya kupaka mikono, yaliyopakwa nusu saa kabla na kufutwa, huondoa shida hiyo. Kuhusu ukubwa, zipo karata pana za milimita 63 kwa 88 na nyembamba za milimita 57 kwa 88. Mwenye mikono midogo asione haya kuchukua nyembamba, kwa sababu atakachokipata katika kuficha karata kiganjani ni kikubwa kuliko atakachokikosa katika mwonekano.

Lipo jambo jingine kuhusu karata ambalo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu wa London hauwezi kukuambia. Katika miji yetu karata zinazochezeshwa hadharani zina jina baya. Kwenye stendi za Tanzania wapo matapeli wa karata tatu, na Kenya mchezo wa namna hiyo hujulikana kama pata potea. Wengi wamepoteza nauli zao humo. Ukitandaza karata tatu juu ya sanduku la mbao kando ya barabara na kumwomba mpita njia aonyeshe ree iko wapi, atakayekuja mwanzo anaweza kuwa askari, na aliyewahi kuibiwa hatakusikiliza utakapomweleza kwamba huchukui fedha. Kwa hiyo mchezo wa karata tatu usiufanye kabisa barabarani. Zaidi ya hapo, katika nyumba nyingi za Waislamu na hata za Wakristo wa madhehebu yenye msimamo mkali karata huhesabiwa kuwa chombo cha kamari. Ukiwa mgeni, mwulize mwenyeji wako kwanza kwa adabu, na uwe na michezo mingine isiyohitaji karata, ili jibu la hapana lisikufungie onyesho zima.

Sarafu ndizo zinazochukua nafasi hiyo. Maduka ya mazingaombwe ya nje huuza zaidi michezo iliyotengenezwa kwa nusu dola ya Marekani, ambayo upana wake ni milimita 30.6, na mafundi wengi wamejifunzia sarafu hiyo. Mimi naona ni kosa kuibeba huku kwetu. Mtazamaji ambaye hajawahi kuiona atadhani imetengenezwa kwa hila, na atakuwa na haki ya kudhani hivyo. Tumia fedha inayotumika mahali ulipo, na ikiwezekana iombe kwa mtazamaji mwenyewe. Tanzania, sarafu ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014 inaonekana vizuri kwa mbali na inajaa kiganja. Kenya, sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina wanyama, twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20, jambo linalompa msimulizi hadithi iliyo tayari: simba anayemkimbia tembo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia ni kisa ambacho mtoto wa miaka mitano anakifuata bila kuelezwa. Jifunze kwa sarafu hizo hizo utakazotumia, kwa kuwa kila moja ina unene wake na kingo zake, na mkono uliozoea moja husitasita kwa nyingine.

Kuhusu noti nitasema jambo moja kwa msisitizo. Upo mchezo maarufu sana wa kugeuza vipande vya karatasi nyeupe kuwa noti, nao ni mwepesi kubeba na unashangaza. Usiubebe. Matapeli wa kuzidisha fedha, ambao Kenya huitwa wash wash, hutumia onyesho linalofanana nao kabisa kumnasa mtu kabla ya kumwibia akiba yake, na unapoufanya mbele ya watu usiowajua unaweza kumfundisha mmoja wao kuamini kwamba jambo hilo linawezekana. Vilevile michezo ya kuchana au kuchoma noti iache, kwani kuharibu fedha kwa makusudi ni kosa kisheria, na mtazamaji aliyekukopesha noti ya shilingi 10,000 hafurahii hata sekunde moja ya kuiona ikiungua.

Kamba ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu inaonekana na watu mia moja wakiwa wamesimama na bado inaingia kwenye mfuko wa koti. Vipande vitatu vya urefu tofauti vinavyogeuka kuwa sawa, fundo linalotoweka, na kamba iliyokatwa ikaungana, yote hayo hutoka kwenye mzingo mmoja. Tafuta kamba ya pamba laini yenye unene wa milimita 8 hadi 10. Kamba ya katani, hata kama unasafiri kutoka Tanga ambako ni rahisi kupatikana, ni ngumu na huchoma vidole. Ya nailoni huteleza na fundo lake hufumuka kabla hujataka. Kamba nyingi za pamba zilizosukwa zina uzi wa kiini katikati unaozifanya zikakamae. Uvute uzi huo wote utoke, kisha funga ncha za kamba kwa uzi mweupe au zipake gundi ili zisifumuke, nawe utapata kamba inayolala mkononi kama kitambaa. Mkasi wa kukatia si lazima uubebe. Mkasi wa mwenyeji ni bora kuliko wako, kwa maana hakuna atakayeushuku.

Leso ya mkononi, ambayo wengine huiita hanchifu, ni ndugu wa kamba katika wepesi. Leso za hariri nyembamba zinazouzwa na maduka ya mazingaombwe hubanika zikawa ndogo kuliko yai, lakini hupeperushwa na upepo, hivyo hazifai kwenye sitaha ya boti ya Zanzibar. Leso ya pamba ya kawaida hufanya kazi nyingi zaidi na huweza kuombwa kwa mtu. Kuna pia kanga, ambayo msomaji wa Kenya huiita leso, na hiyo ninaihesabu kuwa meza yangu. Ikikunjwa mara nne na kutandikwa sakafuni au juu ya sanduku, hupunguza mlio wa sarafu, huzizuia zisibingirike, na huwaonyesha watu mahali pa kutazama. Baada ya onyesho hufungia vifaa vyote na usiku hugeuka shuka. Hakuna mkeka maalumu wa dukani ulionilipa nauli kama kanga moja.

Vipira vya sponji navyo visikose kwa anayesafiri akikutana na watoto. Vinne vya upana wa sentimita 4 au 5 vikiminywa huingia ndani ya kiganja kimoja, havipigi kelele, havivunjiki, na tukio lenyewe hutokea ndani ya mkono wa mtoto, jambo ambalo atalisimulia kwa muda mrefu. Unaweza kuvikata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye kipande cha sponji laini ya godoro, ukianza na mchemraba na kupunguza pembe kidogo kidogo. Kwa kuwa vinapita mikononi mwa watu wengi, vioshe kwa sabuni kila jioni, na usimwachie mtoto mdogo akae navyo, kwa maana vinaingia mdomoni.

Vikombe na vipira ni mchezo wa kale sana. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, aliutaja katika barua zake. Seti za shaba zinazouzwa leo ni nzuri kwa macho lakini ni nzito, hivyo msafiri atafute bilauri tatu za bati jepesi au za plastiki isiyopitisha mwanga, zinazoingiana moja ndani ya nyingine. Vifuu vitatu vya nazi vilivyopigwa msasa hadi vikawa laini navyo hufaa, na huwa na uzuri wa kwao. Vipira vishonwe kwa uzi wa sufu. Kete za bao, ambazo wengi huzifikiria kwanza, hulia zinapogonga kikombe na kutoboa siri. Kama nafasi ni finyu mno, acha vikombe. Mchezo huu unadai mahali pa kukaa na watu wenye muda, na safarini huvipati vyote viwili kila siku.

Michezo ya kusoma mawazo inahitaji daftari na kalamu tu, ila inategemea lugha kuliko mingine yote. Anayetoka Dodoma akafika Bukavu au Lubumbashi atakuta Kiswahili, lakini wengi huko huhesabu kwa Kifaransa, na mchezo unaotegemea idadi ya herufi za neno huvurugika mtu anapoliandika kwa namna yake. Chagua ile inayotumia picha au vitu vinavyoonekana. Vifaa vinavyotumia simu na betri sivizungumzii sana, kwa kuwa chaji huisha, na mtazamaji wa leo huamini kwamba simu inaweza lolote.

Sasa tuje kwenye suala la mwonekano wa begi lenyewe, ambalo ni zito. Katika Kiswahili tunatenganisha mazingaombwe na uchawi, lakini ofisa aliyechoka saa nane usiku hana muda wa kutenganisha. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925 na Tanzania tangu 1928, nazo humgusa pia mtu anayekutwa na vitu vinavyodaiwa kuwa vya kichawi. Umoja wa Falme za Kiarabu umeviorodhesha vifaa vya uchawi miongoni mwa bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa nchini, na Saudia watu wamewahi kuhukumiwa kifo kwa kosa la uchawi. Kwa hiyo anayekwenda kwa ndugu zake Dubai au Muscat asibebe fuvu la plastiki, mishumaa ya rangi, wala karatasi zenye miraba ya tarakimu zinazofanana na talasimu. Humu nchini mwetu pia, vitambaa vyekundu, vyeupe na kaniki nyeusi vikiwekwa pamoja humkumbusha mtu kilinge cha mganga. Kanga yenye maua ya bluu haimkumbushi mtu jambo hilo. Na kabla ya mchezo wa kwanza, sema wazi kwamba unachokifanya ni kiinimacho na wepesi wa mikono. Nimeona bibi mmoja akimvuta mjukuu wake mbali na mimi kwa hofu, na tangu siku hiyo maneno hayo huyatanguliza kila mara, hata mbele ya wasomi.

Kwa anayepanda ndege kuna masharti machache zaidi. Karatasi maalumu inayowaka ghafla na kutoweka bila majivu imepigwa marufuku ndani ya ndege, iwe kwenye begi la mkononi au la kukabidhi, na mafuta ya kibiriti cha gesi vilevile. Betri za akiba za lithiamu huenda nawe kwenye begi la mkononi. Viowevu vya zaidi ya mililita 100 havipiti kwenye begi la mkononi katika viwanja vingi, na mkasi wenye makali marefu kuliko sentimita 6 huchukuliwa katika viwanja vingi pia. Sumaku zenye nguvu ziweke mbali na kadi za benki na kadi za kufungulia milango ya hoteli, nazo zisikaribie kamwe kifua cha mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Wala usifunge vifaa vyako kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019. Vifuko vya kitambaa vyenye kamba mdomoni vinatosha, kila mchezo na kifuko chake.

Ukishachagua, panga kila kitu juu ya kitanda wiki moja kabla ya safari. Kwa safari ya majuma mawili mimi hubeba pakiti mbili za karata, sarafu sita, mzingo wa kamba wa mita nne, leso mbili, vipira vinne vya sponji, rababendi chache na kanga, na vyote pamoja havifikii uzito wa kilo moja na nusu. Kisha fanya onyesho zima la dakika kumi na tano ukiwa umesimama, bila meza, ukitumia mifuko ya nguo utakazosafiria. Kifaa ambacho hukukigusa katika dakika hizo kirudishe kabatini. Sarafu na leso moja zikae mfukoni mwako siku zote, kwa sababu begi kuu huweza kubaki kwenye buti la basi wakati mtoto aliyeketi kiti cha jirani anaanza kulia.